Vyama vya wanafunzi wa afya vishuke hadi kidato cha pili

NYANDA ZA KATI
Na Rehema Ndahani

Vyama vya wanafunzi wa afya hapa Dodoma havilali. Chuo Kikuu cha Dodoma kina tawi la TAMSA, chama cha wanafunzi wa udaktari nchini, ambacho ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa lililoundwa mwaka 1951. Wafamasia watarajiwa wana TAPSA yao. Kupima presha bure, kuhamasisha uchangiaji damu, kualika madaktari bingwa waje kuzungumza: kazi nzuri, siibezi. Ila anayelelewa na vyama hivyo ni kijana aliyekwisha kuvuka, mwenye ufaulu wake wa fizikia, kemia na baiolojia na nafasi yake chuoni. Marekani wana HOSA, chama cha wanafunzi wanaolenga kazi za afya kilichoanzishwa mwaka 1976, ambacho humshika mwanafunzi tangu sekondari. Sisi tunamsubiri kwenye geti la chuo, Chimwaga.

Kwa nini jambo hili lituhusu zaidi sisi wa nyanda za kati? Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 na ya 2021 kuhusu watumishi wa afya vijijini, linahimiza vyuo vichukue wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kujenga kuta tunaweza. Kazi ni kumpata mtu wa kukaa ndani yake mwaka wa tatu, wa nne, bila kutafuta uhamisho. Na si kukaa tu. Bibi wa Bahi anayeeleza maumivu yake kwa Kigogo, au mzee wa Chemba kwa Kisandawe, anahitaji mtu wa kumwelewa bila mkalimani. Mtu huyo yumkini leo yuko kidato cha pili kwenye shule ya kata, na kwa utaratibu tuliouzoea, akiingia kidato cha tatu anaweza kuiacha fizikia. Akiiacha, mlango wa udaktari umefungwa, na hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana nasema vyama hivyo vifungue klabu za afya kwenye shule za kata.

Wapo watakaosema mwanafunzi hana leseni, asichezee afya za watu. Sawa kabisa, na hakuna anayetaka ashike sindano. Lakini chini ya usimamizi wa mganga wa zahanati anaweza kujifunza kupima presha inavyopaswa: mgonjwa apumzike dakika 5 kwanza, aegemee kiti, miguu ikanyage sakafu, mkono ulale usawa wa moyo, mtu asizungumze. Kijana anayeona namba ikibadilika kwa sababu tu mkono ulining'inia amejifunza sayansi ambayo ubao haukumfundisha.

Hoja nzito zaidi ni ya ajira. Wahitimu wa afya wanazunguka na vyeti mkononi. Ya nini kuwashawishi wengine? Uchungu huo ni wa haki, lakini hoja inalenga mahali pasipo pake. Klabu ya shule haiongezi kiti hata kimoja chuoni. Inachobadilisha ni nani atakayekikalia. Wahitimu kukosa kazi huku zahanati zikikosa wauguzi ni suala la bajeti ya ajira, na hilo waulizwe wanaopanga bajeti, nao siku hizi ni majirani zetu hapa hapa Dodoma. Tena klabu ndiyo mahali pa kuwaeleza vijana ukweli huo mapema, pamoja na ukweli mwingine ambao vyama vya chuo huusema kwa sauti ndogo: kwamba afya si udaktari peke yake. Maabara, mionzi, afya ya mazingira, ukunga, uuguzi wa afya ya akili ambao mji wenye Hospitali ya Mirembe ya magonjwa ya akili haukupaswa kuusahau. Baadhi ya kada hizi mtu huanza kuzisomea akitoka kidato cha nne, na chuo cha afya cha Mvumi kiko Chamwino, si ng'ambo.

Mtihani wa kidato cha pili hufanyika karibu na mwisho wa mwaka. Basi moja la wanachama kwenda shule ya kata kabla ya hapo, pamoja na muuguzi wa zahanati ya jirani na mashine mbili za presha, halizidi gharama ya fulana za kongamano.