Heshima ya Mchezaji Haimo katika Medali Pekee

Kuna tabia imeota mizizi kwa mashabiki wa michezo, nayo yatia uchungu. Olimpiki ikimalizika, mtu hukimbilia jedwali la medali, na mchezaji asiyemwona humo humwita mtalii. "Alikwenda kutembea huyo!" Enyi wenye ndimi nyepesi, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mtazameni Maja Tvrdy, mchezaji wa badmintoni wa Slovenia. Nchi yake ni ya watu wapatao milioni 2, na ilijitangazia uhuru mwaka 1991. Nyoyo za watu wa huko ziko kwenye theluji na mpira wa kikapu. Anayetaka kushangiliwa huteremka milima kwa ski kama Tina Maze. Huyu binti alishika raketi akaupiga mpira wa manyoya, mchezo ambao mabingwa wake wametoka zaidi China, Indonesia, Korea Kusini na Denmark. Hakusema, "Haya si ya kwetu." Penye nia pana njia, na njia yake ilimfikisha Wembley Arena, London, katika Olimpiki ya mwaka 2012.

Medali hakupata. Dhahabu ya wanawake mmoja mmoja ilikwenda kwa Li Xuerui wa China, fedha kwa mwenzake Wang Yihan, na shaba kwa Saina Nehwal wa India. Basi ndiyo tuseme alikwenda kutembea? Nafasi za London zilifuata orodha ya ubora ya dunia, na pointi zake zilisakwa kuanzia Mei 2011 hadi mwisho wa Aprili 2012, shindano baada ya shindano. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanaocheka hawajawahi kuinama hata mara moja.

Sisemi medali ni bure. Slovenia ilirudi kutoka London na medali 4, na Urška Žolnir aliyeleta dhahabu ya judo alistahili kila shangwe. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini Mwenyezi Mungu humlipa mja kwa juhudi yake, nasi ni nani tuhesabu ushindi peke yake?

Na hapa siwezi kunyamaza juu ya jambo lililotokea katika ukumbi huohuo wa Wembley. Tarehe 31 Julai jozi 4 za wanawake, mbili za Korea Kusini, moja ya China na moja ya Indonesia, zilitaka kushindwa makusudi ili zipate wapinzani wepesi katika hatua iliyofuata. Walipiga kinyoya wavuni, wakakitoa nje, watazamaji wakazomea. Kesho yake wote 8 walifukuzwa mashindanoni. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakiongoza dunia! Aibu iliyoje! Kipaji bila uaminifu ni mzigo kwa mwenyewe na kwa taifa lake. Hata hivyo mlango wa toba haufungwi: Greysia Polii wa Indonesia, mmoja wa waliofukuzwa, aliendelea kujituma hadi akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 pamoja na Apriyani Rahayu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa pimeni wenyewe. Nani mwenye heshima zaidi, bingwa wa dunia anayejiangusha kwa hila, au binti wa nchi ndogo anayekwenda kupigania kila pointi mbele ya walio bora kuliko yeye?

Nanyi vijana, nawajua mna moyo na akili, msiache mchezo mnaoupenda kwa sababu jirani haujui. Wazazi, msiwakatishe tamaa. Na ninyi mashabiki wa jedwali, mchezaji akirudi mikono mitupu baada ya kujitoa kwa haki, mpokeeni kwa makofi. Kama hamwezi, basi nyamazeni.