Kutoa ni Moyo, Lakini Kwataka Daftari

Neno makadara maana yake ni majaliwa ya Mwenyezi Mungu. Na kweli, mtaa wa Makadara, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, umewajalia wengi. Nyumba nyingi za Eastlands zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa baraza la jiji, watu wa mshahara mdogo. Hata hivyo wapo waliotoka Pwani mikono mitupu, wakafungua duka, wakanunua lori, na leo wana nyumba za kupangisha. Kwa jamaa hao twataka kusema neno juu ya sadaka.

Hapana asemaye kuwa matajiri wetu hawatoi. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, masikini hujipanga milangoni mwao tangu asubuhi. Lakini aliyewahi hupata, aliyechelewa hukosa, na mwenye haya, asiyeweza kusimama foleni mbele za watu, hulala na njaa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walisema pia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hizi mbili zafaa kushikwa pamoja.

Tuanze na zaka. Zaka si hisani ya tajiri, bali ni haki ya masikini iliyomo ndani ya mali ya tajiri. Fedha na mali ya biashara zikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na zikatimiza mwaka, hutolewa mbili na nusu kwa mia. Penye shilingi 4,000,000, zaka ni shilingi 100,000. Hesabu hiyo haipatikani kwa kukisia. Sharti bidhaa za dukani zihesabiwe kwa bei ya siku ile.

Hapo lazuka swali: zaka hiyo iende wapi? Wengi hufunga fungu lote wakalipeleka Mombasa au Lamu. Kuunga udugu ni jambo jema. Lakini kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu Pwani, ni kuwa zaka haihamishwi kutoka mji ilipo mali maadamu wanaostahiki wapo papo hapo. Nani atasema hawapo? Viwandani, katika Makadara hiyo hiyo, watu wanakaa katika vibanda vya mabati. Twaonelea zaka ya duka la Makadara ianzie Makadara, na nyumbani Pwani kupelekwe sadaka za hiari. Jirani asiye Mwislamu naye asisahauliwe, kwani sadaka ya hiari haimbagui, na haki ya ujirani anayo.

Kisha kuna suala la kesho. Tajiri akifariki, mirathi hugawanywa, na yatima aliyekuwa akilipiwa karo huipata habari ya msiba kwa kurudishwa nyumbani kutoka shuleni. Warithi hawakudhulumu, kila mmoja amechukua haki yake. Ila marehemu hakuacha maandishi.

Dawa yake tunayo tangu kale. Upo wasia, usiozidi theluthi ya mali wala usiokwenda kwa mrithi. Upo na wakfu, ambao nyumba au shamba hufungwa, haliuzwi wala halirithiwi, na mapato yake ndiyo hutolewa. Ndivyo alivyofanya Umar bin Khattab kwa ardhi yake ya Khaybar, baada ya kumtaka shauri Mtume (S.A.W.).

Lakini wakfu nao wataka uangalifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakfu wa jamaa mmoja wa Mombasa ulibatilishwa na Baraza la Mfalme kule London, kwa kuwa fungu la masikini liliwekwa mbali mno, hata lilikuwa kama la jina tu. Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 ilikuja kuukubali wakfu wa jamaa, mradi mwisho wake uwe kwa masikini au kwa kheri ya kudumu. Funzo ni kwamba yaandikwe waziwazi masikini watapata nini, na lini. Tena viwanja vingi vya Nairobi ni vya kukodi kwa miaka maalumu, hali wakfu umekusudiwa uwe wa daima. Basi mwenye kiwanja amwone mwanachuoni na wakili kabla ya kutia sahihi.

Yafaa pia jamaa wakae kikao angalau mara moja kwa mwaka, baba, mama, wana na mabinti. Kina mama ndio wajuao nyumba ambayo jiko lake halikuwashwa jana. Na vijana watakaoachiwa mali wazoee kuisoma daftari ya sadaka pamoja na daftari ya duka, wamjue kila mtoto anayelipiwa karo na muda uliobaki. Akiwajua sasa, mrithi hatamwona mtoto yule kuwa mgeni mlangoni siku mzee atakapokuwa hayupo.

Mali ni amana. Mwenye nayo aiandikie wasia angali mzima, na akili zake timamu.