Mtahiniwa asiuze mayai kwenye foleni ya malori

Agosti ikifika, wazazi wa Tunduma huitwa shuleni kwa kikao cha darasa la saba. Ajenda tunazijua: mchango wa kambi, unga, maharage, hela ya masomo ya jioni. Mzazi akishatoa mchango wake anaondoka akijiona amemaliza. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha hapa mpakani na vijijini Momba, na nasema wazi kuwa watoto wetu wengi wanaangushwa na mambo mawili ambayo hayamo kwenye ajenda: usiku wanaokesha na maneno wanayoambiwa nyumbani.

Tuanze na usiku. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni kuelekea boda, na dereva aliye kwenye foleni lazima ale. Anayemuuzia mara nyingi ni mtoto mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha na kopo la kachumbari. Nilimfundisha mmoja wa hao. Kubadili kwacha kuwa shilingi kwa kichwa alinishinda hata mimi, lakini saa tatu asubuhi alikuwa amelalia dawati. Nilimwita mama yake, akaniambia bila kuficha, "Mwalimu, hayo mayai ndiyo daftari zake na ndicho chakula cha wadogo zake." Sikuwa na jibu la kumgombeza. Tulikubaliana kaka yake ashike zamu ya usiku, yeye auze Jumamosi na Jumapili mchana tu mpaka mtihani upite. Biashara haikufa, na mtoto akaanza kuja darasani macho yakiwa makavu.

La pili ni zito zaidi. Viongozi wetu wamelisema hadharani mara nyingi: wapo wazazi wanaowaagiza watoto wafeli makusudi, wa kike aolewe, wa kiume akachunge au akavushe mizigo Nakonde, upande wa Zambia. Ada ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na nauli ya sekondari bado vinamtisha mzazi mwenye shamba dogo. Na kufeli ni kazi rahisi, maana maswali mengi hujibiwa kwa kutia kivuli kwenye herufi kwa penseli, kisha karatasi inasomwa na mashine. Nilikuwa na binti aliyeongoza darasa kwenye moko. Matokeo ya taifa yalipotoka, jina lake lilikuwa mkiani. Baadaye akaniambia alivyoagizwa na baba yake mkubwa. "Nilianza na A juu, nikamaliza na A chini, mwalimu." Kambi ya namna gani ingemsaidia huyo?

Kwa hiyo wazazi wenzangu, hata asiyejua kusoma ana kazi ya kufanya. Mtihani wenyewe ni wa siku mbili, Septemba. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Mweleze mwanao kwamba Hisabati ikimchachafya asubuhi, bado ana masomo mengine ya kujiinua, asitoke pale amekata tamaa. Mnunulie penseli ya HB, kifutio na kichongeo mapema, si alfajiri ya mtihani duka likiwa limefungwa. Kazi ya kuni na maji wapewe wengine kwa muda. Mkoa huu unalisha wenzake mahindi. Mtoto kuingia chumba cha mtihani bila hata kikombe cha uji ni aibu yetu wenyewe. Na ile kauli ya "ukifeli usirudi hapa" iacheni, kwani mtoto huingia nayo kwenye chumba cha mtihani. Anayewauzia "karatasi iliyovuja" ni tapeli, na udanganyifu ukigundulika Baraza la Mitihani hufuta matokeo.

Wenye watoto wa madarasa ya chini nao wasikae pembeni. Darasa la nne lina upimaji wake wa kitaifa, na shimo la kusoma na kuhesabu lisipozibwa hapo, kambi ya Agosti haitalifukia. Kisha kuna mwaka 2027. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, hivyo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Mwaka huo zipo nyumba zitakazokuwa na watoto wawili wa kumaliza msingi kwa mpigo. Anayesubiri kikao ndipo aanze kujipanga atakuwa amechelewa mara mbili.

Nawaomba wenyeviti wa mitaa yetu watumie mamlaka waliyonayo: kuanzia Agosti mosi hadi mtihani uishe, ikifika saa moja jioni mtoto wa shule asionekane kwenye foleni ya malori. Mgambo wasimnyang'anye ndoo yake. Wamrudishe nyumbani nayo, wakaongee na mkubwa wake. Nanyi madereva, mtoto akikugongea mlango usiku na mayai, muulize yuko darasa la ngapi. Akisema la saba, mwambie akalale, mayai utanunua kwa mama yake.