TAMKO LA TAWI: SIMU YANGU, NIULIZWE KWANZA



Wapo wenzetu wanaoweka bando jioni, asubuhi wanakuta limekwisha: simu imejisasisha yenyewe usiku. Msimamo wetu ni kwamba mwenye simu aulizwe kwanza. Tusidhani ni kilio cha wanyonge tu. Mwaka 2018 Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung milioni 5, kwa masasisho yaliyozifanya simu za zamani kuwa nzito.

Hatusemi mkatae masasisho. Ya usalama yawekeni, yanaziba mianya ya wezi, na hela zetu za M-Pesa zimo humohumo.

Kwa sasa ingieni Play Store, kwenye mipangilio, mchague programu zijisasishe kwa Wi-Fi tu. Vijana wa tawi, wasaidieni wazee.

Uongozi wa Tawi