Taa zimulike barabara, zisitunyang'anye nyota

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa madukani na katika vyama vya ushirika, pale hesabu zinapokataa kulingana. Leo ningependa kuitumia kwa mali ya namna nyingine, mali ambayo wakazi wa Meru na Embu wameirithi bila kuitolea jasho, na ambayo imeanza kupungua pasipo mtu yeyote kuiandika. Mali hiyo ni giza la usiku, pamoja na nyota zinazoonekana ndani yake.

Najua baadhi ya wasomaji watashangaa. Kwa miaka mingi tumefundishwa kuliona giza kuwa adui. Kijiji kisicho na umeme huhesabiwa kuwa kimebaki nyuma, na mwanasiasa anayetaka kura huahidi taa kabla ya kuahidi jambo jingine. Siwalaumu wanaozidai taa hizo. Mama anayefunga kibanda chake sokoni Runyenjes saa mbili za usiku anahitaji kuona anapokanyaga, na vijana wanaopakia miraa kule Maua hawawezi kufanya kazi kwa kupapasa. Sisemi taa ziondolewe. Ninalosema ni kwamba nyingi kati ya taa tunazozisimamisha hutupa sehemu ya nuru yake juu angani, mahali ambapo hakuna mpita njia wala mwizi, na hasara hiyo tunailipa mara mbili: kwa fedha za umma, na kwa anga letu.

Hebu kwanza tuitazame mali yenyewe. Mstari wa ikweta unaikata barabara itokayo Embu kwenda Meru, kati ya Nkubu na mji wa Meru. Wasafiri wengi hukipita kibao kinachouonyesha bila kufikiri zaidi. Lakini kwa mtazamaji wa nyota, hapo ni mahali pa heshima kubwa. Mtu aliye London hatauona kamwe Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na aliye Cape Town hawezi kumwona Dubu Mkubwa akiwa mzima. Mtu wa Meru huwaona wote wawili kwa usiku mmoja. Mwezi wa Mei, mvua ikipumzika na mawingu yakifunguka, simama mahali peupe mnamo saa tatu za usiku: Dubu yuko upande wa kaskazini, na Msalaba upande wa kusini, kama watu wawili walioketi katika ncha mbili za benchi moja.

Tena usiku wetu ni wa haki. Mwaka mzima una urefu wa takriban saa kumi na mbili, na jua likishatua giza kamili huingia upesi. Mtoto wa Embu anaweza kuonyeshwa nyota kabla ya wakati wake wa kulala, siku yoyote ya mwaka isiyo na mawingu wala mbalamwezi. Katikati ya Juni, London haipati giza kamili hata usiku wa manane.

Vitabu vingi vya nyota viliandikwa huko Ulaya na Marekani, na humo utasoma habari za anga la majira ya baridi, ambalo mfalme wake ni Jabari, yule mwindaji mwenye nyota tatu kiunoni. Mwenye kitabu hicho Meru atachanganyikiwa akikifuata neno kwa neno. Jabari hututawala katika siku zetu za joto na vumbi. Mwezi wa Februari, yapata saa mbili na nusu usiku, mshipi wake hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Meru au Embu, kwa maana nyota zile tatu zimekaa juu ya mstari wa ikweta ya angani, au kando yake kidogo. Kusini yake hung'aa Suheli, nyota ambayo mabaharia wa pwani yetu waliijua kwa jina kabla ya kuwapo shule yoyote ya kizungu.

Baridi yetu sisi ni ya Juni hadi Agosti. Miezi hiyo, nchi ya juu kuanzia Manyatta hadi Imenti hufunikwa na ukungu na manyunyu, hata jua lenyewe likawa nadra kuonekana. Mara kadhaa nimeteremka katika majira hayo hadi Mbeere, huko Siakago na Kiritiri, nikayaacha mawingu yamekwama mlimani. Usiku wa Julai huko chini ni zawadi. Nge huwa amejikunja karibu na utosi, mkia wake ukiwa wazi kama mchoro wa mtoto, na nyuma yake kuna sehemu nene na angavu kuliko zote ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nuru hafifu ambao ni nyota kwa mabilioni zilizo mbali mno kuhesabika kwa macho. Ulaya na Marekani ya Kaskazini sehemu hiyo huonekana chini, karibu na upeo wa macho. Kwetu hupita juu vichwani mwetu.

Wazee wetu hawakuitazama mali hii kwa burudani tu. Kiswahili kinakiita kile kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana kilimia, na kila mtu asikiaye neno hilo husikia kulima ndani yake. Wazulu na Waxhosa, walio maelfu ya kilomita kusini mwetu, hukiita isilimela, neno la asili hiyo hiyo. Mabaharia na wakulima walisema kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Pima msemo huo kwa kalenda ya Embu. Kilimia hupotea katika mwanga wa jua mapema Mei, mvua ndefu ingalipo, na huzuka tena alfajiri za Juni, mvua ikiwa imekwisha. Na mnamo Oktoba, wakati wa kupanda mbegu za vuli, huchomoza mashariki yapata saa tatu za usiku. Sidai kwamba nyota huleta mvua. Ninadai kwamba ni saa ya ukutani iliyowahudumia watu wengi kwa karne nyingi, nasi tunaizima kabla ya kuwafundisha watoto wetu kuisoma.

Katika mtaala wa 8-4-4, wanafunzi wa kidato cha kwanza walifundishwa mfumo wa jua katika somo la Jiografia. Mwanafunzi aliweza kupata alama zote kwa kuzipanga sayari kwa taratibu yake bila kuwahi kuonyeshwa Mshtarii au Zohali, ilhali sayari hizo zilikuwa zikipita juu ya paa la bweni lake. Wapo waliojitahidi kuiziba pengo hiyo. Susan Murabana na mumewe, Chu Owen, wamezunguka na darubini yao katika shule nyingi nchini kupitia shirika lao la The Travelling Telescope, na watoto wengi wameziona pete za Zohali kwa macho yao wenyewe kwa sababu hiyo. Lakini darubini haina kazi palipo na taa kali, na mtu mmoja na mumewe hawawezi kuzibeba shule zote za Kenya mgongoni.

Wala isidhaniwe kwamba elimu ya nyota ni ngeni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Waliitia jina Uhuru. Walikuja kuirushia kwetu kwa sababu tuko jirani na ikweta, ambako mzunguko wa dunia husaidia kusukuma roketi. Wengine waliijua thamani ya mahali petu, wakasafiri kuitafuta.

Sasa tuje kwenye hesabu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuiona Njia Nyeupe mahali wanapoishi. Wakazi wa Nairobi wamo katika kundi hilo, na hapa kuna kinaya. Mabwawa ya mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yako pembezoni mwa nchi ya Mbeere. Kindaruma lilianza kutoa umeme mwaka 1968. Kwa miongo mingi maji yaliyopita mlangoni pa Mbeere yaliangaza mji mkuu, huku nyumba za Mbeere zikitumia koroboi. Umeme umeanza kuwafikia wenyeji, na ni haki yao. Mimi naomba tu wasirithi kosa la Nairobi pamoja na waya zake.

Kosa hilo lina dawa rahisi. Taa iliyofunikwa juu na kuelekezwa chini huimulika barabara vizuri zaidi kwa umeme mchache, kwa sababu nuru yake yote hufika inapotakiwa. Taa iliyo uchi humchoma mpita njia machoni, naye huingia gizani haoni kitu. Mwizi hahitaji msaada mkubwa kuliko huo. Rangi nayo ina maana yake. Nuru nyeupe yenye ubuluu mwingi, kama ya baadhi ya taa za LED, hutawanywa na hewa zaidi kuliko nuru ya manjano, na huliharibu anga hadi mbali. Na zile taa za mulika mwizi zilizo juu ya nguzo ndefu masokoni zaweza kupunguzwa ukali baada ya soko kufungwa.

Mwenye mamlaka juu ya jambo hili anajulikana. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliziweka taa za barabarani mikononi mwa serikali za kaunti. Hatuna haja ya kungoja Nairobi. Mabunge ya kaunti za Meru na Embu yanaweza kupitisha sheria fupi inayosema kwamba kila taa itakayonunuliwa kwa fedha za umma iwe na kifuniko, itazame chini, na iwe ya rangi ya joto. Sharti hilo likiandikwa katika zabuni tangu mwanzo, gharama yake ni ndogo. Likiachwa hadi nguzo elfu ziwe zimesimama, tutaambiwa hakuna pesa za kubadilisha. Afrika Kusini ilipitisha sheria mwaka 2007 ya kuyalinda maeneo yake ya elimu ya nyota, na hifadhi ya NamibRand nchini Namibia ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kwa ubora wa giza lake.

Wapo watakaosema kwamba nyota hazijazi sufuria. Nawajibu kwamba jirani zetu wa Laikipia wamejenga mahali ambapo wageni hulipa fedha nyingi walale kitandani nje, wakizitazama nyota zile zile zinazompitia bure mchungaji wa Kiritiri. Lakini hata asipokuja mgeni mmoja, nisingebadili rai yangu. Kitu kilichowafundisha mababu kuhesabu miezi kina haki ya kuwafikia wajukuu.

Na hapo ndipo narejea kwenye daftari. Siku hizi kuipiga picha anga hakuhitaji mitambo ya mamilioni. Kamera ya kawaida yenye lenzi pana, au hata simu nzuri ya mkononi, ikisimamishwa imara na kuachwa ipokee nuru kwa sekunde 15 au 20, huziona nyota ambazo jicho haliwezi kuzifikia. Ukizidisha muda, nyota huwa mistari, kwa sababu dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa. Na kwetu hapa ikweta, ukielekeza kamera mashariki, mistari hiyo hupanda wima kama miti ya mikalitusi.

Kila shule ya upili ya Meru na Embu ichague kilima kimoja. Kila mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Julai, usiku usio na mbalamwezi, wanafunzi wapande na kuupiga picha mji wao na anga lililo juu yake, kamera ikiwa mahali pale pale na kwa sekunde zile zile. Baada ya miaka mitano picha hizo zitaonyesha, pasipo ubishi, mwanga wa mji umepanda kiasi gani na nyota ngapi zimepotea. Waziweke mbele ya wawakilishi wao wa wadi. Zabuni ijayo ya taa itakapotangazwa, wananchi wasiulize tu nguzo ni ngapi na zitasimama wapi. Waulize pia kama kila taa itakuwa na kifuniko.