Togwa na Mtindi Tusividharau



Siku hizi baadhi yetu tunaona haya kumpa mgeni togwa. Tunakimbilia dukani kununua soda. Hata mtoto mdogo hupewa soda, na togwa huachiwa wazee. Mimi nasema tunapoteza kitu chema.

Tumefundishwa kwamba vijidudu huleta magonjwa. Ni kweli. Lakini si vijidudu vyote ni adui. Vipo vijidudu rafiki. Hivyo ndivyo vinavyogandisha mtindi na kuchachusha togwa. Hula sukari iliyomo katika maziwa au uji, kisha hutoa uchachu. Vijidudu vingi vya kuharisha havistawi penye uchachu huo.

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa Tanzania. Watoto wa chini ya miaka 5 walipewa uji uliochachushwa mara 1 kwa siku, kwa siku 13. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Vijidudu vya kuharisha vilipungua katika choo chao.

Kwetu Ipyana jambo hili ni kubwa. Mvua zikizidi, mito ya Kyela hufurika. Maji machafu huingia visimani, na watoto huharisha.

Wengine watasema: "Bibi zetu walikunywa mtindi, na bado watoto walikufa." Ni kweli. Uchachu hauondoi kila uchafu. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu, au vya ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba.

Kwa hiyo tuchemshe maziwa kwanza. Yakipoa, tutie mtindi kidogo kama chachu. Chachu hiyo nayo itokane na maziwa yaliyochemshwa. Uji wa togwa upikwe vizuri, upoe, utiwe unga wa kimea, ufunikwe, ukae mpaka uchachuke. Baadaye tusiuongezee maji ambayo hayakuchemshwa.

Tukumbuke pia kwamba togwa si dawa. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, tena apelekwe zahanati mapema. Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu.

Ng'ombe tunao. Mahindi tunayo. Kimea tunajua kukitengeneza. Kilichobaki ni usafi. Basi, fedha ya soda na inunue sabuni ya kuoshea mikono na vyombo vya togwa.