Koti ya mvua na koti ya kipwa

Mwezi huu tuongee juu ya koti.

Mwaka jana kijana wangu alikuwa anakwenda Kamituga. Nikamchagulia sokoni Kadutu jaketi nzito ya jinzi, yenye pamba ndani. Nilijisifu! Juu ya lori mvua ikawakuta. Aliniambia: «Mama, ile koti ilikunywa maji kuliko ng'ombe.» Alitetemeka usiku kucha, na siku mbili ilikuwa haijakauka.

Kosa lilikuwa langu. Pamba ikilowa haitunzi joto. Mupira ya sufu inatunza kidogo hata ikilowa. Basi, kama feza ni ya koti moja tu, nunua ile nyepesi isiyopitisha maji, pana ya kuvaliwa juu ya mupira. Mimina maji kidogo begani uone kama yanateleza. Muuzaji atanuna, mwache anune. Mama mwenye mtoto mgongoni achukue kubwa ya kuwafunika wote wawili, lakini uso wa mtoto ubaki wazi.

Ndani ya shimo usiivae: plastiki inafunga jasho, utatoka umelowa bila mvua. Na anayekwenda Shabunda, kule chini porini kwenye joto, aache koti nzito nyumbani.

Bukavu ni karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kipwa, mwezi wa sita mpaka wa nane, mvua ni haba lakini usiku kuko baridi. Ile jaketi ya jinzi? Dada yake anaivaa mwezi wa saba, akitoka kwaya.